Nesi, mume wangu amesusa msikiti kwa sababu ya mfuko wa choo

Asalaam aleikum Nesi, na shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, nakaa Langoni hapa Lamu. Mume wangu ni fundi seremala, kazi yake kuchonga milango na viti vya enzi. Miezi minne iliyopita alishikwa na tumbo usiku. Likafura, likawa gumu, hapati choo wala kupitisha upepo, na kila alichokula alikitapika. Tukamvusha kwa boti hadi Mokowe, na mwisho tukafika hospitali moja kubwa nje ya kaunti yetu. Daktari akasema utumbo mpana umejisokota na kipande chake kimekufa. Akapasuliwa saa ile ile. Alipozinduka alikuta ametobolewa tumboni, upande wa kushoto chini ya kitovu, na choo kinatokea hapo kuingia kwenye mfuko.

Siku ya kuruhusiwa tulipewa mifuko michache, kadi ngumu yenye tundu la kipimo, na karatasi ya kurudi kliniki. Maelezo tulipewa haraka haraka, mume wangu akiwa bado hajajiweza. Tangu hapo kila mfuko mpya naweka ile kadi juu yake, nachora, nakata, kama nilivyoonyeshwa. Lakini mfuko haukai. Nikimbandika asubuhi, ikifika alasiri umeachia na choo kimepita chini ya gundi. Ngozi ya pembeni imekuwa nyekundu, inatoa majimaji, na upande mmoja imechubuka kabisa. Ikiguswa machozi yanamtoka. Mavyaa ameniambia nipake mafuta ya nazi na manjano, nimepaka. Jirani akaniambia nisafishe kwa spiriti, nikasafisha mara moja tu, alivyopiga kelele nikaacha. Kila dawa nikiiweka, mfuko ndio kwanza unaachia.

Mifuko tunaagiza Mombasa, inaletwa kwa basi. Kuna siku inakwisha na pesa hazipo, basi namfunga kitambaa na kanga juu yake.

Ila linaloniumiza zaidi si hilo. Mume wangu alikuwa hakosi jamaa ya alfajiri. Sasa haendi msikitini, hata Ijumaa. Anasema yeye ni mtu wa najisi, udhu wake hausimami, na hataki watu wafunge safu karibu naye wasikie harufu. Siku nyingine haswali hata nyumbani. Barazani hakai. Kazi ameanza kidogo, anainamia ubao wake uani, lakini akisikia hodi anaingia chumbani. Usiku analala sebuleni kwenye mkeka peke yake, na nikimsogelea ananiambia, "Niwate."

Kliniki hajarudi, anasema safari ya basi na mfuko unaovuja haiwezi. Nesi, kidonda hiki kitapona? Ndivyo atakavyoishi siku zote? Na nimwambie nini kuhusu swala?

Mke wa Fundi, Lamu

*

Waaleikum salaam mwanangu, na marahaba. Pole wewe, na pole zaidi kwake.

Nianze na ile kadi, kwa sababu naamini shida yenu kubwa imo humo. Stoma, yaani kile kinundu chekundu cha utumbo kilichotokezwa nje ya tumbo, huwa imevimba baada ya upasuaji. Wiki baada ya wiki hunywea, na kwa kawaida inapofika wiki ya 6 hadi ya 8 ndipo inapotulia kwenye ukubwa wake. Kadi mliyopewa ilipimwa stoma ikiwa bado imevimba. Leo ni mwezi wa nne na bado unakata kwa kipimo kile. Tundu la mfuko limekuwa kubwa kuliko stoma, kwa hiyo kuna duara la ngozi tupu lisilofunikwa na gundi, na choo kinakaa juu yake mchana na usiku. Ngozi yoyote ikilowekwa kwenye choo hivyo itachubuka, na ngozi iliyochubuka hutoa maji, na juu ya maji gundi haishiki. Mfuko unavuja, ngozi inaharibika zaidi, na mfuko unaofuata unaachia mapema zaidi. Kidonda hicho hakikuletwa na uchafu wala jicho la mtu, na wewe hukukosea, maana ulifuata ulichoonyeshwa. Kuna mtu alipaswa kukwambia kwamba kipimo kitabadilika, naye hakukwambia.

Itupe hiyo kadi. Mfuko utakaofuata, pimeni upya. Chukua kipande cha plastiki nyororo kinachopitisha mwanga, kama kile kinachofunika gundi ya mfuko, kiweke juu ya stoma, uchore ukingo wake kwa kalamu. Stoma nyingi si duara kamili, na hiyo haina neno. Unalotaka ni tundu linalofuata umbo lake na kuacha nafasi ya milimita 2 au 3 tu kila upande. Usiibane ikasuguliwa na ukingo wa bamba, yaani ile sehemu ya mfuko yenye gundi inayoshika ngozi, wala usiache zaidi ya hapo. Mkague akiwa amesimama, kisha ameketi, kwa sababu tumbo likijikunja ngozi hubadilika. Na ombi langu ni hili: kalamu na mkasi mpe yeye. Mtu anayechonga maua ya mlango wa Lamu hashindwi na milimita 2. Wewe shika kioo. Tangu apasuliwe kila mtu anamtendea jambo mwilini mwake, na hapa pana kazi ambayo mikono yake inaijua kuliko yangu na yako.

Kusafisha ni maji ya kawaida, ya vuguvugu ukipenda, na kitambaa laini cha pamba. Spiriti hapana, dawa za kuua viini hapana, sabuni ya manukato hapana. Bandua bamba polepole kutoka juu kwenda chini huku mkono mwingine umeshikilia ngozi. Usilivute kwa nguvu. Ukimfuta, stoma yenyewe inaweza kutoa tone la damu. Msishtuke, ni utumbo na damu yake iko karibu. Tena stoma haina mishipa ya kuhisi maumivu ikiguswa, kwa hiyo anapolia ujue kinachouma ni ngozi. Nywele za tumbo zipunguzwe kwa mkasi au mashine, maana gundi ikizing'oa kila siku huacha vipele.

Mafuta ya nazi na manjano yaacheni chini ya bamba. Siyadharau, lakini juu ya mafuta hakuna gundi inayokaa. Kwa ngozi iliyochubuka kuna poda maalumu ya stoma. Unanyunyiza kidogo mahali palipo na majimaji tu, unapangusa inayozidi, kisha unabandika. Ukiona vipele vidogo vyekundu vinavyowasha, vimesambaa pembeni, huo huenda ni ukungu wa ngozi, na kwa joto la huku kwetu hutokea sana. Hapo ataandikiwa dawa ya ukungu, na mwombe ya unga, si ya kupaka yenye mafuta. Badilisheni mfuko asubuhi kabla hajala, wakati utumbo umetulia. Ukishabandika, aweke kiganja juu yake dakika moja au mbili, joto la mkono ndilo linaloamsha gundi. Usingoje mfuko uvuje ndipo ubadilishe. Ngozi ikishapona jaribuni kila siku ya 3, na msimu wa joto kali kila siku ya 2. Kuumwaga ni ukifika theluthi moja au nusu, kwa sababu ukijaa uzito wake unabandua bamba. Akiba ya mifuko iwekeni mahali pa ubaridi chumbani, mbali na jua.

Nina swali ambalo hukulitaja: kikoi anakifunga wapi? Wanaume wa pwani hukunja kikoi kiunoni na fundo lake mara nyingi huangukia pale pale. Fundo likikandamiza juu ya stoma, choo hakishuki mfukoni, kinasukumwa pembeni chini ya gundi. Halafu anainamia ubao saa nzima, tumbo limejikunja. Afunge juu zaidi au chini zaidi, asiweke fundo upande wa kushoto, na akiwa kazini avae kanzu fupi au shati pana na suruali ya mpira laini. Ubao wa kuchongea uinuliwe juu ya meza ili afanye kazi akiwa wima. Vitu vizito, kama mlango mzima au gogo la mninga, asiinue kabisa kwa sasa. Palipotobolewa misuli imelegea, na ngiri ya pembeni ya stoma ni rahisi kuipata kuliko kuiondoa.

Siku ambazo mifuko hamna: mkunje vitambaa safi vya pamba, vingi, mviweke kuzunguka na juu ya stoma, mvifunge kwa mkanda wa kitambaa, mvibadilishe kila choo kinapotoka. Siku hizo tu, kwa kuwa hakuna gundi ya kuharibika, mpake ngozi vaselini nyingi au krimu ya zinki kabla ya kitambaa. Kesho yake mfuko ukipatikana, mafuta yote yaoshwe na ngozi ikauke kwanza.

Sasa hili la msikiti, ambalo nimelisoma mara mbili. Mimi ni nesi, si mwanachuoni, na hapo Lamu hamkosi wa kuwauliza. Mume wako amwendee shehe anayemwamini, faragha, na amweleze wazi wazi. Lakini jambo lenyewe halikuanzia kwake. Fiqhi imewazungumza tangu zamani watu ambao kinachotoka hawakizuii, kama mwenye kutokwa na mkojo mfululizo na mwanamke wa istihadha, yaani anayetokwa na damu isiyo ya hedhi, ambaye Mtume aliamuru ajisafishe na atawadhe kwa kila swala. Kwenye madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo yenu, mtu wa aina hiyo husubiri wakati wa swala uingie, hujisafisha na kujifunga, hutawadha na kuswali bila kuchelewa, na udhu huo humtosha kwa faradhi moja na sunna zake. Kinachotoka katikati bila hiari yake ni udhuru. Mwenyezi Mungu haikalifishi nafsi ila kwa uwezo wake, aya hiyo ya mwisho wa Suratul Baqara najua anaihifadhi. Kuacha kuswali kwa ajili ya mfuko hakuna aliyemwamrisha.

Kuhusu kuingia msikitini, wanachuoni hutazama kama kuna hofu ya kuuchafua. Mfuko ulioshika haumwagi chochote. Na harufu pia, mwambie ukweli huu: mfuko uliofungika vizuri haunuki. Harufu hutoka wakati wa kumwaga, au pale gundi inapoachia. Akiona ananuka, basi kuna mahali panavuja, na tiba yake ni kipimo na bamba. Udi muuchome kwa sababu mnaupenda. Kwa hiyo asianze na Ijumaa. Kwanza ngozi ipone na mfuko ukae siku mbili bila kuachia. Kisha alfajiri moja, akiwa ameumwaga, asimame mwisho wa safu karibu na mlango. Ijumaa itakuja yenyewe.

Woga wake una historia ndefu. Mfuko huu wa kubandika ulibuniwa mwaka 1954 na nesi wa Denmark aitwaye Elise Sørensen, kwa ajili ya dada yake Thora. Thora alikuwa amefanyiwa upasuaji kama wa mumeo na akaogopa kutoka nje ya nyumba, asije akavujia mbele za watu. Dada yake hakumwambia avumilie. Alitafuta mfuko unaoshika mwilini, na miaka michache baadaye kiwanda kikaanza kuutengeneza. Msomee mumeo sehemu hii.

Na chumba chenu cha kulala. Kidonda cha upasuaji kikishapona, ndoa yenu haikatazwi na stoma. Amwage mfuko kwanza, aufunike kwa kitambaa au mkanda laini ambao fundi cherehani yeyote ataushona, na msilalie upande ule. Ukilaliana na mumeo hutaiumiza. Ila usimlazimishe usiku huu. Anza kwa kuuliza mwenyewe, bila kukunja uso, akuonyeshe. Umeshaiosha mara nyingi kama muuguzi wake, sasa atahitaji kuona kwamba umeitazama kama mke na hukukimbia. "Niwate" yake naisikia kama aibu. Chuki siisikii.

Uliuliza kama ndivyo atakavyoishi siku zote. Hapo nakusihi mrudi kliniki, kwa sababu huenda jibu likawa la kuwafurahisha. Utumbo ukijisokota na kipande kikafa, madaktari mara nyingi hukata kilichoharibika na kutoa mwisho wa utumbo nje kwa muda, kwa kuwa kuunga siku ile ile kwenye tumbo lenye uchafu ni hatari. Wengi hurudishwa baadaye, baada ya miezi 3 au zaidi, mwili ukishapata nguvu. Si wote. Inategemea kilichobaki ndani na afya ya mtu, na upasuaji wa kurudisha nao ni mkubwa. Lakini ninyi miezi minne imepita na hakuna aliyewaambia kama ni ya muda au ya kudumu, na hiyo ni haki yenu kuijua. Muulizeni daktari mpasuaji: kiasi gani cha utumbo kilikatwa, kilichobaki kimefungwa ndani, kurudisha kunawezekana, na kama ndiyo, lini na kwa gharama gani. Kabla ya hapo hakikisheni michango yenu ya SHA, bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF tangu Oktoba 2024, imelipwa. Muulizeni pia afisa wa ustawi wa jamii wa hospitali kuhusu mifuko, kwa sababu watu wengi hawajui kwamba ofisi yake ipo.

Ikiwa ni ya kudumu, kuna njia ya kusafisha utumbo kwa maji kupitia stoma, ambayo kwa stoma ya upande wa kushoto huweza kumwacha mtu bila choo kwa karibu siku nzima. Hiyo hufundishwa na nesi aliyeisomea, kwa kifaa chake. Nyumbani msijaribu.

Msidhani kwamba nesi yeyote anaijua kazi hii. Huduma ya stoma na vidonda sugu ni taaluma yake. Ilianza Marekani mwaka 1958, pale daktari mpasuaji Rupert Turnbull wa Cleveland alipomwajiri Norma Gill, mwanamke aliyekuwa na stoma yake mwenyewe, awafundishe wagonjwa wengine. Anzeni hospitali ya King Fahd hapo Lamu, muombe kumwona nesi wa upasuaji aliyefunzwa stoma. Asipokuwepo, ombeni barua ya rufaa kwenda hospitali ya Coast General, Mombasa. Kama stoma imezama au imelingana na ngozi, bamba bapa litavuja hata ukikata kwa kipimo sahihi, na nesi huyo ndiye atakayewapa bamba lililobinuka na mkanda wake.

Msingoje kliniki, mwende siku hiyo hiyo, ikiwa stoma imegeuka rangi ya zambarau iliyokolea au nyeusi, ikiwa damu haikatiki, ikiwa utumbo umetokeza mrefu kuliko kawaida, au ikiwa choo na upepo vimekatika huku tumbo linafura na anatapika. Hilo la mwisho mnalijua tayari lilivyo. Mkiwa Pate au kisiwani kokote kwa jamaa, msingoje maji yajae kesho, ombeni boti usiku ule.

Mavyaa mpe jiko. Mtoto wake ale samaki, wali, mayai, ndizi, papai, na maji ya kutosha au madafu, maana choo kigumu nacho ni taabu. Kunde, kabichi na soda huleta upepo, basi azipunguze siku ya Ijumaa. Hakuna chakula alichoharamishiwa, ila atafune vizuri, hasa nazi kavu, njugu na mahindi. Ramadhani ikifika, wenye stoma ya utumbo mpana wengi hufunga bila shida, lakini amuulize daktari kwanza kwa kuwa upasuaji wake bado ni wa karibuni.

Safari ya basi aifanye hivi: mfuko mpya usiku wa kuamkia safari, chakula chepesi, kiti cha karibu na mlango, na mkobani mifuko miwili iliyokwisha kukatwa, maji, vitambaa na nguo ya kubadilisha. Na bamba la mwisho lililoachia msilitupe. Lifunge kwenye karatasi mwende nalo, kwa sababu nesi akiligeuza na kutazama upande wa gundi ataona choo kinapenya upande gani, na atajua wapi pa kuanzia.